Ushirazi, jina la Zanzibar na mifupa ya Mtwapa

Tangu Machi 2023, jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani yetu, ugomvi wa zamani umerudi barazani na kwenye simu. Upande mmoja unasema: sayansi imenena, Ushirazi, yaani dai la kutoka Shiraz ya Uajemi (Iran ya leo), ni kweli, wazee hawakutudanganya, asili yetu Uajemi. Upande wa pili unajibu kwamba utafiti ule ni njama ya kumnyang'anya Mwafrika pwani yake, na kwamba Ushirazi ulikuwa kisingizio cha watu walioona haya kuwa weusi. Naona pande zote mbili zimesoma kichwa cha habari tu. Ninavyoamini mimi, mifupa ile inatueleza nani alimuoa nani, na inatueleza vizuri sana, lakini haina uwezo wa kutueleza nani ni mwenyeji wa Zanzibar. Na jina Zanzibar, ambalo watu hulishika kama hati ya asili, halikuanza kuwa jina la watu wala la kisiwa. Lilikuwa jina la mwambao mzima, wakaliita mabaharia waliokuwa wakiutazama kutoka chomboni.

Tuuelewe kwanza utafiti wenyewe. Ulichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao wa kati ya mwaka 1250 na 1800, kutoka Manda, Faza na Mtwapa kwa upande wa Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi kwa upande wa Tanzania, pamoja na wachache wa nyuma ya pwani. Wengi wa watu wa mijini walikutwa na nasaba mbili. Kwa mama, karibu wote ni Waafrika wa hapa hapa. Kwa baba, wengi wanarudi Asia, khasa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Nasaba ya Arabuni iliongezeka baadaye, kuanzia kiasi cha 1500. Haya si mambo ya kupuuzwa, na anayesema ni njama ana wajibu wa kuonyesha kosa liko wapi. Lakini msomaji makini ataona mambo mawili. Makaburi mengi yaliyofukuliwa ni yale ya karibu na misikiti ya mawe, walikozikwa watu wa cheo. Mvuvi na mkulima hawakuzikwa pale. Na katika orodha ile ya miji hamna Unguja, hamna Pemba, hamna Tumbatu. Tunagombana kwa mifupa ya jirani.

Mifupa yetu sisi imo katika utafiti mwingine, wa 2017, ambao haukupigiwa makelele. Ule ulitumia mabaki kutoka mapango ya Unguja na Pemba. Mtu wa Unguja aliyeishi kiasi cha miaka 1,300 iliyopita, na wa Pemba wa kiasi cha miaka 1,400 iliyopita, walikuwa na nasaba ya wawindaji wa kale, watu waliokuwa hapa kabla ya wakulima Wabantu kuvuka bahari. Mtu mwengine wa Pemba, wa kiasi cha miaka 600 iliyopita, nasaba yake ni ya Kibantu. Kwenye pango la Kuumbi, huko kusini mwa Unguja, wachimbaji wamepata alama za watu wa kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati kisiwa kilikuwa bado kimeungana na bara na mtu angeweza kuja kwa miguu. Kwa hiyo anayetaka kushinda mjadala kwa hoja ya "sisi ndio tuliotangulia" ajue kwamba aliyetangulia hakuwa Mwajemi, wala hakuwa Mbantu, na hakuacha mtu wa kumsemea barazani.

Sasa jina. Waajemi waliwaita watu weusi wa upande huu Zang, na Waarabu wakasema Zanj. Mwisho wa neno, bar, ni nchi au pwani, na ndio ule ule tunaousikia katika Malabar ya India. Zangbar ikawa pwani ya watu weusi, basi. Wapo wanaosimulia kwamba ni maneno ya Kiarabu ya kuisifu nchi, kwamba mgeni aliiona akasema ni nzuri bara hii. Ni hadithi tamu, lakini ni ya kutungwa baada ya jina kuwepo. Yemen nako kuna mji unaitwa Zinjibar, katika mkoa wa Abyan. Na Marco Polo, ambaye hakufika huku, aliandika juu ya kisiwa cha Zanghibar chenye mzunguko wa maili 2,000. Watu humcheka kwa kosa hilo. Mimi naona alichosikia kilikuwa sahihi kwa namna yake, maana waliomsimulia walikuwa wakizungumzia mwambao mzima, na yeye akaudhani kisiwa.

Wakati huo huo visiwa vilikuwa na majina yao. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra huko Iraq, aliyeandika katika karne ya 9, aliwagawa Wazanj mafungu mawili, watu wa Qanbalu na watu wa Lanjuya. Lanjuya ndiyo Unguja. Qanbalu wanahistoria wengi wanaiweka Pemba. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyesafiri kutoka Qanbalu mwaka 916, alisema kisiwani humo mna Waislamu na lugha yao ni Kizanji. Hapo pana jambo kubwa kuliko damu, nami nitalirudia. Katika karne ya 13 Yaqut, mwandishi wa jiografia, naye akaitaja Lanjuya, na akaitaja Tumbatu kama mahali walikohamia watu wake, nao ni Waislamu. Pemba kwa Waarabu ikiitwa Kisiwa cha Kijani. Kwa hiyo Unguja na Tumbatu ni majina yaliyodumu katika vinywa vya watu kwa karne nyingi mno bila serikali yoyote kuyalinda, na Zanzibar kwa muda mrefu ilikuwa ni ya wasafiri na ya vitabu.

Jina hilo lilitua hapa na kukaa kwa sababu ya dola. Wareno walilikuta na kuliandika kwa namna zao, lakini ni Seyyid Said, Sultani wa Omani, aliyehamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, na tangu hapo Zanzibar ikawa mji, halafu dola. Likapanuka hata likabeba mwambao wa bara. Mwaka 1886 mataifa ya Ulaya yakaupima mwambao huo na kumwachia Sultani ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Mwaka 1890 likawa jina la nchi iliyo chini ya himaya ya Muingereza. Disemba 1963 likawa jina la dola huru, Januari 1964 la nchi ya Mapinduzi, Aprili mwaka huo huo nusu ya jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na Oktoba likakatwa, herufi zake tatu za mwanzo zikaingia ndani ya Tanzania. Jina moja limepanuka na kusinyaa hivyo katika muda usiofika miaka 140. Lakini nenda gatini Mkoani, Pemba, asubuhi ya siku ya boti, muulize mama mwenye kikapu cha samaki wakavu anakwenda wapi. Atakwambia anakwenda Unguja. Zanzibar kwake ni nchi, na nchi hiyo yumo tayari.

Nilipokuwa mdogo skuli tulipewa fomu yenye nafasi ya kabila, nikampelekea bibi yangu aniambie nijaze nini. Alikuwa amekaa ukumbini anasuka ukili, na hakunyanyua uso. "Sie watu wa Makunduchi, wa Kajengwa." Nikamwambia bibi, hicho ni kijiji, wao wanataka kabila. Akasema basi andika Mshirazi. Nikamuuliza Shirazi ni wapi, akasema ni mbali, ng'ambo, halafu akaongeza maneno ambayo nimeyafikiria maisha yangu yote: "Wazee wetu walikuja na jahazi, wakatukuta hapa." Walikuja, wakatukuta. Kwa miaka mingi nilidhani bibi amejichanganya. Siku hizi naona ndani ya maneno yale saba mmekaa historia ambayo watu wa vinasaba wamehitaji maabara kuifikia.

Maana tizama vijiji vyenyewe. Makunduchi, Kizimkazi, Tumbatu na sehemu nyingi za Pemba hujiita Washirazi, na wana ushahidi wa mawasiliano na Uajemi usiotiliwa shaka. Sikukuu ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi ni Nairuzi, siku mpya ya Kiajemi, na hesabu yake ni ya mwaka wa jua uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, hesabu ambayo wavuvi na wakulima waliitumia kwa bahari na kwa kilimo. Msikitini Kizimkazi Dimbani, ukiingia kibla unaona maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa katika tumbawe, herufi zake ncha zimepindwa kama majani, na tarehe ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyengine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, jina lile lile linalotajwa na kisa cha Kilwa cha mfalme aliyetoka Shiraz na vyombo saba. Lakini katika vijiji hivyo hivyo mwenye ardhi ni mvyale. Ndiye anayejua mizimu ya mahali, ndiye anayeombwa ruhusa kabla msitu haujafyekwa, na uvyale wake haudaiwi kwa kutoka ng'ambo; unadaiwa kwa kuwa wazee wake ndio waliofungua nchi. Hata kwenye Mwaka wenyewe, mwenye kusimamia mila ni wavyale hao hao. Sikukuu ina jina la Kiajemi na ruhusa yake inatoka mzimuni.

Hapa ndipo hoja ya "sisi ni Waajemi" inapovunjika, na naiita dhaifu kuliko zote kwa sababu inashindwa na ushahidi wa wenye kuitoa. Shiraz ni mji wa ndani, haupakani na bahari. Vyombo vilivyokuja huku vilitoka bandari kama Siraf, iliyokuwa mlango wa mkoa ule. Kama watu wetu walikuwa wanahifadhi kumbukumbu ya bandari walikotoka babu zao, wangejiita Wasiraf. Walichagua Shiraz, mji wa elimu na heshima katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa sababu neno lile lilikuwa likisema jambo juu ya mji wao wa hapa: kwamba ni mji wa waungwana, una msikiti, una ada. Na wafalme wao? Mtawala wa Unguja wa jadi, yule ambaye jumba lake lilikuwa Dunga na ambaye wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, hakuitwa shaha kama mfalme wa Kiajemi. Aliitwa Mwinyi Mkuu. Mwenye, mkuu. Cheo cha juu kabisa cha Washirazi wa Unguja ni maneno mawili ya Kibantu.

Lugha inasema vivyo hivyo. Kiswahili kina maneno ya Kiajemi, na mazuri: bandari, nanga, pamba, rangi, dirisha. Ukiyaangalia utaona ni maneno ya biashara, ya chombo na ya nyumba ya mawe. Lakini anavyohesabu mtoto moja hadi tano, anavyoita jicho na mguu na mama, anavyopanga ngeli na kufunga kitenzi, ni Kibantu, na ndugu za lugha hii ni Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kikae cha Makunduchi, Kitumbatu na Kipemba, lahaja za hao hao wanaojiita Washirazi, vimo humo humo. Sababu yake haina fumbo kwa anayejua pepo zetu. Mfanyabiashara alikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na baina yake alikaa miezi. Aliyeoa hapa aliingia katika nyumba ya wakwe, na mtoto alilelewa na mama, khalati na bibi, baba akiwa baharini. Mtoto huyo alirithi jina la ukoo kwa baba na kila kitu cha kusema kwa mama. Al-Masudi alipoandika kwamba Waislamu wa Qanbalu wanasema Kizanji, alikuwa anaeleza nyumba hizo.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na sitaki kuipitia juu juu. Wanasema Ushirazi ulitumika kukwepa Uafrika, na katika karne ya 20 ni kweli ulitumika hivyo. Utawala wa Kiingereza uliwahesabu watu kwa makabila, na ngazi ya kabila ilikuwa ngazi ya haki. Katika sensa za 1924 na 1931 idadi ya waliojiandikisha Waswahili ilianguka vibaya, kwa sababu neno hilo lilikuwa limeshakuwa jina la mtu asiye na asili, aliyetoka utumwani. Neno Wahadimu nalo, linalotumiwa hadi leo kwa watu wa kusini na mashariki mwa Unguja, limetokana na khadimu, mtumishi. Nani angependa kuandikwa hivyo akiwa na jina jengine? Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mgao wa mchele ukafuata kabila, na kabila likawa sahani ya chakula. Anayeyajua haya anaelewa kwa nini watu walikimbilia jina la Shirazi, na anaelewa pia kwa nini jirani yake aliyetoka bara kuja kuchuma karafuu alilisikia jina hilo kama tusi.

Lakini hoja hiyo inakwenda mbali kuliko ushahidi inaposema Ushirazi wote ulibuniwa wakati wa mkoloni. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, alichapisha kisa cha Washirazi wa Kilwa mwaka 1552, zaidi ya miaka 300 kabla ya himaya ya Muingereza. Neno lilikuwepo. Walichofanya wakoloni ni kulichukua neno la heshima ya mji na kulifanya la rangi, wakalitia katika daftari lenye visanduku ambavyo mtu lazima achague kimoja. Bibi yangu alikuwa wa Kajengwa, wa Makunduchi, Mshirazi na Mwafrika kwa pamoja wala hakuona tabu. Fomu ndiyo iliyoona tabu. Na siasa ikafuata fomu. Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana Februari 1957 kuwa chama cha Afro-Shirazi, na jina hilo lenye kistari katikati lilikuwa ni maelezo ya kweli ya nchi kuliko hotuba nyingi zilizotolewa chini yake. Mwaka 1959 sehemu ya Washirazi, wengi wao wa Pemba, ikajitoa na kuanzisha chama chao, ZPPP. Kistari kilipokatika, tunajua kilichofuata.

Wapo pia wanaotaka jina Zanzibar lenyewe libadilishwe, kwa kuwa Zanj lilikuwa neno la dharau na la watumwa wa Basra. Siwezi kuwalaumu kwa uchungu huo, lakini majina huoshwa na wanaoyabeba. Mtu anayelia wimbo wa taifa ukipigwa halii kwa ajili ya neno la Kiajemi.

Kwa nini nimejali haya kiasi hiki? Kwa sababu mazungumzo ya asilimia za damu hayabaki kuwa mazungumzo. Kila uchaguzi unapokaribia, neno "mgeni" hutoka kabatini, na safari hii litakuja limevaa koti la maabara: fulani ukoo wake ng'ambo, fulani ukoo wake bara, wote wawili waambiwe hii si kwao. Sheria yetu haikuandikwa hivyo. Sheria ya Mzanzibari ya 1985 ilianza na raia wa Tanzania aliyekuwa akiishi Zanzibar kabla ya na hadi tarehe 12 Januari 1964. Haikuuliza baba ametoka bandari gani. Mtu anaweza kuwa na malalamiko juu ya namna kitambulisho kinavyotolewa, na mimi ninayo, lakini msingi ule wa makaazi uko karibu zaidi na mila ya wavyale kuliko hoja yoyote ya vinasaba: aliyefungua nchi na kukaa, nchi ni yake. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Hakuna maabara itakayoweza kuwapanga watu hao katika mafungu bila kuwakata katikati ndugu wa tumbo moja.

Ningependa uchunguzi uendelee, na ufanyike kwetu, Tumbatu, Ras Mkumbuu, Mtambwe, kwa ridhaa ya watu wa vijiji vyenye makaburi hayo na kwa vijana wetu wakiwa ndani ya maabara. Majibu yakitoka yakasema baba zetu wengi walikuwa Waajemi, sawa. Yakisema wachache, sawa. Na ningependa vitabu vya skuli viache kuianza Zanzibar kwa Wareno na masultani, mtoto akamaliza skuli ya msingi hajasikia Kuumbi wala Mwinyi Mkuu. Hata gari ya kukodi haihitajiki kwenda mbali. Unguja Ukuu, maji yakitoka, utaona vigae vimezagaa mchangani. Vingi ni vya vyungu vya hapa, udongo mwekundu unaogeuka mweusi kwa ndani, shingoni vimechorwa pembetatu kwa ncha ya kijiti. Baina yake utaokota kimoja kimoja chenye rangi ya kijani ya bahari, kinang'ara, cha mitungi iliyokuja na shehena kutoka Ghuba. Wachimbaji wamevikuta vyote viwili katika tabaka moja la udongo, la zaidi ya miaka 1,000. Mwalimu anaweza kuwapa watoto kila mmoja kigae kimoja mkononi, akawauliza chungu hiki alipika nani, na mtungi huu alimletea nani, kisha wakavirudisha pale pale walipoviokota.